"Kwa hivyo umesomea vichaa?" Maneno yangu kwa anayetaka kusoma saikolojia

Siku niliyorudi nyumbani Wete, Pemba, joho limekunjwa ndani ya mfuko wa rambo, nilimkuta ami yangu uani kakaa juu ya jamvi anachambua karafuu. Unajua kazi ile ilivyo: kishada mkono mmoja, unakibana kwenye kiganja cha pili unakisokota, karafuu zinadondoka huku, makonyo unayatupa kule. Hakuinua hata kichwa.

"Kwa hivyo umesomea vichaa?"

"Si vichaa, ami. Nimesomea watu."

"Watu si hawa tunao." Akatupa konyo. "Na nani atakulipa kwa kuwajua?"

Nilinuna siku mbili. Swali la kwanza lilinikera na linanikera mpaka leo, maana bado naulizwa kwenye daladala na harusini. Lakini lile la pili lilikuwa swali la haki, na katika miaka 3 ya chuo hakuna mhadhiri aliyenikalisha kitako akanijibu.

Sasa kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka simu yangu haitulii. Vijana wa Konde, wa Kiuyu, wa Mkoani, wengine wa ng'ambo Unguja: "Dada, assalamu alaykum, nimepata daraja la pili HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nichukue saikolojia?" Na nyuma ya kijana yupo mama yake, naye swali lake ni moja tu: itampa kazi? Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp huku nimeshika mwiko. Nakaa niandike mara moja.

Kwanza tutenganishe watu watatu ambao kwetu wote huitwa "daktari wa akili". Yule unayemkuta Hospitali ya Kidongo Chekundu akiandika dawa ni daktari kamili. Kasoma udaktari miaka 5, kafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha karudi chuo kusomea uzamili wa magonjwa ya akili. Wa pili ni mwanasaikolojia tiba. Huyu haandiki dawa. Tiba yake ni mazungumzo yenye utaratibu wake, na naye hakufika hapo kwa shahada ya kwanza, kasoma uzamili, mathalan pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Dar es Salaam. Wa tatu ni mshauri nasaha, na hapa mlango ni mpana, wanaingia wa diploma, wa shahada, na wengine wa semina ya wiki moja tu (Mungu atusitiri). Wewe ukimaliza shahada ya kwanza ya saikolojia huwi wa kwanza wala wa pili. Shahada ile peke yake haikupi ruhusa ya kumwambia mtu anaumwa nini, seuze kumpa dawa. Na usidhani ni uonevu wa huku kwetu. Marekani karibu kila jimbo linataka uwe na shahada ya uzamivu ndipo upewe leseni ya kujiita mwanasaikolojia. Mimi hili nililijua mwaka wa tatu, nikiwa nimeshawaambia mashoga zangu wote kwamba nitafungua kliniki Chake.

Kama nia yako khasa ni kutibu wagonjwa wa akili na masomo yako ni ya sayansi, usije huku. Nenda udaktari. Njia ni ndefu lakini inafika.

Unasoma nini basi? Watu wanafikiri utafundishwa kusoma mawazo ya wenzako. Bibi mmoja jirani yetu mpaka leo akiniona huvuta mtandio akafunika uso, eti nisije nikamuona ya ndani. Ukweli ni kwamba miezi ya mwanzo utasoma historia: Wilhelm Wundt na maabara yake ya Leipzig mwaka 1879, Pavlov na mbwa wake, makuzi ya mtoto, kumbukumbu, ubongo na mishipa yake. Mimi niliyempenda ni Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Alijifanya yeye mwenyewe ndiye wa kujaribiwa, akahifadhi silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima anasahau kiasi gani baada ya saa, baada ya siku, baada ya mwezi. Mwaka 1885 akaandika aliyoyaona: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na anayerudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hushika kuliko anayebugia yote kwa mkupuo. Nilicheka darasani. Maalim wetu wa chuo cha Kurani alilijua hilo bila ya Kijerumani. Usingesoma sura mpya kabla ya kupitia murajaa ya jana na juzi, na bakora ipo juu ya mswala. Wenzangu waliokuwa wakingoja usiku wa mtihani ndipo wakusanye desa, matokeo yalipobandikwa niliwaona walivyokuwa.

Nisijitie ujanja, na mimi nilipata sapu, yaani nilirudia mtihani. Somo la takwimu, mwaka wa pili. Hakuna aliyeniambia kwamba saikolojia ni hesabu. Nilikuja nimekimbia hesabu, nimechukua mkondo wa sanaa makusudi, nikakuta kila utafiti unaishia kwenye jedwali na kila jedwali linataka ujue kama tofauti unayoiona ni ya kweli au imejitokeza kwa bahati tu. Likizo ile sikurudi Pemba. Nilibaki hosteli na kaka mmoja wa Kigoma aliyekuwa anasoma uchumi, ananifundisha SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kwa kompyuta ya kuazima, namlipa kwa kumpikia. Bumu lilikuwa limeshakatika siku nyingi. Mkopo wangu ulikuwa nusu, nusu nyengine karafuu za baba, na mwaka ule mikarafuu haikuzaa. Tulikula maharage mpaka nikayachukia. Lakini shika hapo pa SPSS, nitaparudia.

Jambo jengine litakalokukwaza ni kwamba watu waliomo vitabuni si watu wetu. Ukisoma "binadamu hufanya hivi", tazama vizuri, mara nyingi binadamu huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani aliyepewa maksi za ziada ili akubali kuulizwa maswali. Watafiti wenyewe walilikiri, Joseph Henrich na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010 iliyosomwa sana. Mhadhiri mmoja alitufundisha juu ya mtoto na mama yake kana kwamba duniani hakuna bibi, hakuna shangazi, hakuna mtoto aliyelelewa kwa khalati yake akakua vyema. Nilinyoosha mkono, nikajibiwa "hilo halimo kwenye silabasi". Baadaye peke yangu maktaba nikagundua kwamba Mary Ainsworth, mmoja katika waliolijenga somo lile lile, kazi yake ya mwanzo ya kuwatazama watoto na mama zao aliifanya Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955. Hapa hapa kwetu, Afrika Mashariki! Kuna siku utajiona mgeni katika somo lako, na siku hiyo usifunge kitabu, bali ulize data imetoka wapi.

Na tafadhali, usiende kusoma saikolojia ili ujitibu wewe. Nawajua walioingia kwa sababu ya baba mlevi au talaka ya wazazi. Sisemi ni vibaya kuguswa. Lakini darasa si tiba, na mada ya kujiua inapofundishwa saa mbili asubuhi hakuna anayekuuliza wewe imekugusa wapi. Kama una jeraha, litafutie mtu kwanza.

Haya, kazi.

Baada ya kumaliza nilikaa miezi 14 bila ya ajira. Kila asubuhi nafungua tovuti ya ajira ya Zan Ajira, natafuta neno "mwanasaikolojia", silioni. Nafunga, nalia, nakwenda kusaidia kuanika karafuu. Kosa langu lilikuwa hilo neno. Nilikuwa natafuta kazi yenye jina la shahada yangu, na kazi za namna hiyo visiwani zinahesabika kwa vidole. Aliyenifumbua macho ni mwenzangu mmoja wa Chake, kaniambia nisisome kichwa cha tangazo, nisome majukumu. Nikaanza upya. "Afisa hifadhi ya mtoto": kusikiliza watoto, kuandika ripoti, kufuatilia kesi. "Msaidizi wa utafiti": kuhoji watu, kuingiza takwimu. "Afisa rasilimali watu" katika hoteli: kusaili, kutatua ugomvi wa wafanyakazi. Yote niliyasoma, ila hayakuitwa saikolojia.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa nilipewa kwa sababu ya SPSS, si kwa sababu ya Freud, yule daktari maarufu wa vitabu vya saikolojia. Ulikuwa utafiti wa afya, tunazunguka vijiji vya Micheweni na tableti mkononi. Ndani ya dodoso mlikuwamo maswali yale 9 yanayotumika duniani kote kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), ya "katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na...". Swali la kwanza kwa Kiswahili cha wafasiri linasema kukosa hamu ya kufanya mambo. Nikamsomea bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, kakaa kizingitini anasuka ukili.

"Bi mkubwa, wiki mbili hizi umekosa hamu ya kufanya mambo?"

Akanitazama. Akamtazama mjukuu wake. "Mambo gani, mwanangu? Mume wangu kafa mwaka wa saba huu."

Mjukuu kaingia ndani kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini tulipotulia nikamuuliza kwa maneno yangu, je, ukili anaufurahia kama zamani, watu wakija barazani anafurahi? Akaacha kusuka. Akasema, "Nasuka kwa vile mikono haijui kukaa. Moyo haumo." Hilo neno sijaliona kwenye kitabu chochote. Toka siku ile nina daftari la maneno ya watu: moyo haumo, kifua kimenijaa, roho inapaa, nna mawazo, kichwa hakilali. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia "nina sonona". Ukisoma shahada nzima kwa Kiingereza halafu ukaja kukaa mbele ya mama wa Kiuyu, daftari kama hilo litakufaa kuliko nusu ya desa zako. Kule Zimbabwe Dk. Dixon Chibanda alijenga mpango mzima juu ya mabibi kusikiliza watu kwenye mabenchi, na tatizo wakaliita kwa neno la Kishona lenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mpango ule umefika hadi Zanzibar. Mabibi wale hawana shahada. Jiulize basi wewe mwenye shahada utaongeza nini, maana kwenye usaili utaulizwa, hata kama si kwa maneno hayo.

Kazi nilizowaona wenzangu wameingia ni hizi. Mmoja yupo Kituo cha Mkono kwa Mkono, pale waathirika wa udhalilishaji wanapopata daktari, polisi na mshauri mahala pamoja. Ni kazi nzito, na kama huwezi kusikia habari za mtoto wa miaka 6 kisha ukaenda nyumbani ukala, usiiombe. Wawili walianza soba hausi huko Unguja, nyumba za vijana wanaoacha unga. Mshahara mdogo, lakini walijifunza mengi kwa mwaka mmoja kuliko miaka yote ya chuo, kwa sababu mteja wa soba humdanganyi, keshadanganya wote kabla yako. Mmoja yupo Vyuo vya Mafunzo, ndiyo magereza ya huku kwetu. Mmoja kaongeza stashahada ya ualimu na sasa ni mwalimu wa skuli mwenye dawati la ushauri nasaha, na nadhani ndiye mwenye usingizi mzuri kuliko sisi sote. Mmoja yupo hotelini Nungwi upande wa rasilimali watu, anatucheka siku za mshahara. Na wapo wanaouza nguo, wala siwataji kwa dharau. Mmoja kati yao ndiye anayenikopesha.

Wote hao walikuwa na kitu cha pili: takwimu, ualimu, Kiitaliano cha hotelini, mafunzo ya kesi za watoto, leseni ya pikipiki (usicheke, kazi za vijijini zinaiuliza). Kwa hivyo mwaka wa pili unapoanza, chagua kitu chako cha pili ukishike. Usingoje wa tatu. Na fildi usiende pale penye kiyoyozi ambapo utatumwa kutoa fotokopi wiki nane. Nenda pale watakapokuhitaji kiasi cha kukupa kazi ya kweli. Kujitolea ni sawa, ila jiwekee mwisho. Mimi nilijitolea mahala fulani kwa nauli na chai miezi mitano, naahidiwa mkataba kila mwezi, mpaka baba akaniuliza kama chai yao ni ya zaafarani.

Kuna jambo chuo walilifundisha kwa saa moja, nami nimekuwa nikilisomea kila siku toka nirudi: siri kwenye kisiwa kidogo. Sensa ya 2022 ilituhesabu Pemba watu 543,441. Inaonekana wengi, lakini fanya kazi ya kusikiliza watu hapa uone. Anayeingia mlangoni ni mke wa binamu yako, au mwalimu aliyekufundisha, au shoga wa dada yako. Vitabu vinasema usimhudumie unayemjua. Basi nifunge ofisi?

Kosa langu kubwa katika kazi hii lilikuwa la maneno matatu. Alikuwepo mteja, mama kijana, hakuwa analala toka mimba iharibike. Tulikuwa tumekutana mara nne na alianza kupata nafuu. Nikamkuta soko la Chake anachagua ndizi, na kwa furaha yangu ya kumuona kachangamka nikamwambia, "Vipi, unalala sasa?" Sikumuona mwanamke mwenye buibui nyuma yake. Alikuwa mkwe wake. Nikasikia, "Huyu nani? Kwani ulikuwa na nini wewe?" Uso wa yule mama kijana sitousahau. Ndizi zilibaki mezani, hakurudi kwangu tena, wala sina haki ya kumfuata. Siku hizi kikao cha kwanza, kabla ya lolote, nasema: nikikukuta njiani au kwenye boti sikusemeshi mpaka unisemeshe wewe, na usione dharau. Wengine hucheka. Wengine naona mabega yanashuka.

Na kuta. Nimewahi kupewa chumba cha ushauri ambacho ukuta wake haufiki juu, anayengoja nje anasikia hata ukimeza mate. Tulinunua redio ndogo tukaiweka mlangoni, ikiimba taarabu kutwa. Mkubwa wa pale alilalamika kwamba tunastarehe kazini.

Mtaniuliza pia habari ya dini na uganga, kwa kuwa sisi tunajuana. Mama mmoja aliniletea kijana wake aliyekuwa anasikia sauti zinamtukana. Alishasomewa, alishapungwa, mbuzi wawili wameshakwenda. Kaja kwangu shingo upande, anangoja nimwambie ni ushirikina. Sikumwambia. Nilimuuliza kisomo kinamsaidiaje, akasema kinamtuliza kidogo usiku. Nikamwambia aendelee na kisomo, ila kesho tumpeleke na kwa daktari. "Yaani hunikatazi?" Simkatazi. Akaja saa moja na nusu asubuhi, kabla yangu. Kazi yangu pale haikuwa kumtibu. Ilikuwa kujua kwamba hili si langu na kumfikisha kwa mwenye nalo. Atakayekuambia saikolojia ni elimu ya kizungu isiyotuhusu, mtajie Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kwamba nafsi nayo huugua kama mwili na inataka matunzo yake: hofu, ghadhabu, huzuni, wasiwasi. Mimi jina hilo lilinifungulia barza za masheikh ambazo Freud asingefika hata ukumbini.

Pesa hazitakuja haraka. Uzamili utauhitaji kama unataka kukaa na wagonjwa, na uzamili una ada yake. Mzazi anayesoma hapa, ukimpeleka mwanao saikolojia kwa kutegemea mshahara wa mwaka wa kwanza, utagombana naye bure. Mpeleke kama ni mtoto anayeweza kukaa kimya mwenzake akizungumza, asiyetoa ya watu, na anayevumilia hesabu.

Jana usiku binti wa Kiuyu, yule wa daraja la pili, nilimtumia rasimu ya maneno haya aisome kabla. Kanijibu saa tano: "Dada, mengine yote naweza. Ila hesabu kidato cha nne nilipata D." Nimemwambia aje Jumamosi baada ya adhuhuri, na daftari.